Setelaiti imeanza vituko: jinsi ya kujua kama ni mionzi, na ni mionzi ya aina gani

Kwanza kabisa, usiriseti bado. Najua mkono unakuwasha, setelaiti inapita juu ya antena yako dakika kumi tu na kila mtu anauliza kulikoni, lakini ukizima na kuwasha kabla hujachota logi na memori unakuwa umefuta ushahidi wote na wiki ijayo tatizo likirudi unaanza sifuri. Kuna hali moja tu ambayo unakata umeme kwanza alafu maswali baadaye, nayo ni pale umeme unaovutwa na kifaa umeruka ghafla na haushuki. Kama ndo hiyo uliyonayo sa hizi, shuka mpaka sehemu ya umeme uliopanda, haya mengine utasoma baadaye.

Kwa kila hitilafu andika vitu vinne: saa kamili, setelaiti ilikuwa juu ya sehemu gani ya Dunia, joto la kifaa, na umeme kilichokuwa kinavuta dakika chache kabla na baada. Nasisitiza hivi kwa sababu mionzi imekuwa jalala, kila kitu kisichoeleweka tunakitupia huko, "aah itakuwa mionzi", wakati mionzi ina tabia zake na kila aina inaacha alama yake. Kuna chembe moja inayopiga chipu na kugeuza biti, kuna chembe inayowasha shoti ndani ya chipu, kuna chaji ya elektroni inayojikusanya kidogo kidogo alafu inaruka kama cheche, na kuna uchovu wa miaka, yaani dozi inayoingia pole pole mpaka kifaa kinachoka. Dawa ya mojawapo haitibu nyingine, na ukikosea unaweza kuua kifaa ambacho kingepona.

Namba moja imeruka ila vingine vyote viko sawa

Hii ndo ya kawaida kuliko zote na ndo yenye madhara madogo kama memori yako ina ulinzi. Sensa ya joto ilikuwa inasoma 21, ghafla inasoma 149, alafu sensa ya jirani yake haijatikisika. Chukua tofauti: 149 toa 21 ni 128. Ukipata tofauti ambayo ni 1, 2, 4, 8, 16, 32, 64, 128 na kuendelea kwa kuzidisha mara mbili, una sababu nzuri ya kufikiri biti moja imegeuka. Hata hapa ardhini hutokea, kule Schaerbeek nchini Ubelgiji kwenye uchaguzi wa 2003 mgombea mmoja alionekana kupata kura 4096 za ziada, na 4096 ni 2 iliyozidishwa yenyewe mara 12, wataalamu wakahitimisha kwamba kuna biti imegeuka yenyewe kwenye kompyuta.

Kinachotokea ni kwamba protoni au ayoni nzito inapita kwenye silikoni na kuacha mstari wa chaji nyuma yake, chaji ikiwa kubwa kuliko ile inayoshikilia biti basi 0 inakuwa 1 au 1 inakuwa 0. Chipu yenyewe haijaumia. Ukiandika upya thamani sahihi inakaa vizuri tu. Mfano ninaoupenda ni Voyager 2, Aprili 2010 data zake zilianza kufika zimevurugika, wahandisi hawakukimbilia kuriseti, wakaomba nakala ya memori ya kompyuta ya data wakailinganisha na ile inayotakiwa kuwepo, wakakuta biti moja tu imegeuka kutoka 0 kwenda 1. Mei wakairudisha na data zikanyooka. Chombo kilikuwa mbali zaidi ya kilomita bilioni 13 na amri ilichukua karibu saa 13 kufika, kwa hiyo kama wao walikuwa na subira ya kusoma memori kwanza, na sisi wa obiti ya chini tuna nafasi hiyo.

Kuhakikisha, weka hitilafu zako zote kwenye ramani. Kama setelaiti iko obiti ya chini, utaona nukta nyingi zimerundikana kuanzia juu ya Brazili na kusambaa baharini kuelekea kusini mwa Afrika. Hapo sumaku ya Dunia ni dhaifu na ukanda wa ndani wa Van Allen (moja ya kanda za chembe za mionzi zinazoizunguka Dunia) unashuka karibu zaidi na sisi, protoni zinamwagika. Darubini ya Hubble husimamisha kazi ya vifaa vyake inapopita hapo, na setelaiti za UoSAT ziliwahi kuchora umbo la eneo hilo kwa kuhesabu tu biti zilizogeuka ndani ya memori zao, hazikuhitaji kifaa kingine. Eneo lenyewe linasogea pole pole kwenda magharibi, kwa hiyo ramani ya miaka 20 iliyopita isikudanganye. Nukta zikirundikana karibu na ncha za Dunia badala ya hapo, fikiria mionzi ya kosmiki au dhoruba ya jua, na kama zimeongezeka kwa siku mbili tatu mfululizo alafu zikapungua, angalia takwimu za protoni za GOES, setelaiti za Marekani za hali ya hewa, za tarehe hizo. Kule kiwango cha chini kabisa cha dhoruba, S1, kinaanzia protoni 10 kwa sekunde kwa kila sentimita ya mraba na steradiani (kipimo cha upana wa anga), zenye nguvu ya zaidi ya MeV 10 (MeV ni kipimo cha nguvu ya chembe), na S5 ni 100,000.

Sasa nukta zikiwa zimetawanyika bila mpangilio wowote, na anwani ya memori ni ileile kila siku, nina wasiwasi na programu yako kabla ya mionzi. Mionzi haichagui anwani. Labda kuna seli imekufa kabisa na imekwama, hilo lipo, lakini jaribu hivi: andika 0 soma, andika 1 soma, ikigoma kwenye thamani moja ni seli imekwama, ikikubali zote mbili alafu kesho inaharibika tena palepale, kuna kodi inaandika isipotakiwa.

Kinga yake ni memori yenye biti za ziada za kusahihisha makosa, na hapa kuna kosa nimeliona zaidi ya mara moja: watu wanaweka usahihishaji lakini hawapitii memori yote mara kwa mara. Usahihishaji wa kawaida unatibu biti moja kwa kila neno la memori na kugundua mbili, sasa neno ambalo halijasomwa miezi mitatu linapigwa leo, linapigwa tena mwezi ujao, siku unayolihitaji lina makosa mawili na halitibiki. Weka kazi ndogo ya nyuma inayosoma na kuandika upya memori nzima kwa zamu, usiku na mchana.

Kompyuta imeganda au inajiwasha upya yenyewe

Hapa chembe imepiga sehemu inayoongoza chipu badala ya kupiga data, rejista ya mipangilio au saa au kitu cha namna hiyo, chipu inasimama au inaanza kufanya kazi isiyoeleweka. Kuandika upya memori hakusaidii, inabidi uiriseti na mara nyingine uikatie umeme kabisa. Ndo maana kila kompyuta ya setelaiti inatakiwa iwe na kipima muda mlinzi, saketi ya nje inayosubiri kuguswa kila sekunde kadhaa na isipoguswa inapiga riseti. Iwe ya nje, narudia, ukiiweka ndani ya chipu ileile ikiganda na mlinzi ameganda.

Kabla hujaandika ripoti kwamba ni mionzi angalia volti ya betri dakika tano kabla ya kujiwasha upya. Kompyuta inayozimika setelaiti inapotoka kwenye kivuli cha Dunia, betri ikiwa chini, ina tatizo la umeme. Angalia pia kama kuna amri mpya au programu mpya ilipandishwa siku hiyo. Phobos-Grunt ya Urusi ilikwama kwenye obiti ya Dunia Novemba 2011 badala ya kwenda kwenye mwezi wa Mars, tume ikasema kompyuta zake mbili zilijiwasha upya kwa pamoja kwa sababu ya chembe za angani kupiga memori ambazo hazikutengenezwa kwa ajili ya anga za juu, na wataalamu wengi wa nje wakatilia shaka maelezo hayo. Chombo kilianguka Januari 2012. Mimi nachoondoka nacho pale ni kwamba kompyuta mbili zinazofanana, zenye chipu zilezile na programu ileile, zikizima kwa pamoja usiseme mionzi mpaka umeondoa uwezekano wa kosa la pamoja.

Umeme uliopanda: hapa kata kwanza

Kifaa kilikuwa kinavuta miliampia 80, ghafla 400, na kimenyamaza au kinatoa takataka, na joto linapanda. Kata. Usisubiri logi.

Hii inaitwa lachiapu. Ndani ya chipu nyingi za kawaida, pembeni ya transista unazozijua, kuna transista nyingine ambazo hakuna aliyezikusudia, zimejitokeza tu kwa jinsi silikoni ilivyopangwa. Zimelala. Chembe nzito ikipita pazuri zinaamka, moja inamshika mwenzake na mwenzake anamshika yeye, njia ya moja kwa moja inafunguka kati ya chanya na hasi na haijifungi mpaka umeme ukatike. Riseti ya programu haifanyi kitu kabisa, unaweza kuituma mara kumi na shoti ipo palepale huku waya mwembamba ndani ya chipu unayeyuka. Mwaka 1991 setelaiti ya Ulaya ya ERS-1 ilipoteza kifaa chake cha PRARE siku tano tu baada ya kuanza kazi, ikiwa juu ya eneo lile la Atlantiki ya Kusini, umeme ulipanda kwa sekunde kadhaa na kifaa hakikurudi tena. Baadaye ardhini wakapiga chipu za aina ileile kwa protoni na memori moja ikaonyesha tabia ileile.

Ukishakata, iache imezimika mpaka volti imeshuka kweli kweli, siyo nusu sekunde. Na hapa kuna mtego ambao unawasumbua watu wengi sana: umekata umeme wa chipu lakini nyaya za data kutoka kwenye kompyuta bado ziko juu, umeme unajipenyeza kupitia pini za data na unailisha chipu kwa mlango wa nyuma, shoti haifi. Shusha na laini za data zote ziwe sifuri, ndo uhesabu sekunde. Ukiwasha tena na umeme umerudi 80, umepona, ila usishangilie sana, linganisha umeme wake wa wiki zijazo na wa zamani kwa sababu kuna majeraha ya ndani yasiyoonekana siku ya kwanza. Ukiwasha na ikarudi 400 hapohapo, kuna kitu kimeungua.

Jambo jingine, joto. Chipu ikiwa ya moto lachiapu inakuja kirahisi zaidi, kwa hiyo kipimo kilichofanywa maabara kwenye joto la chumba kisikupe amani kama kifaa chako kinafanya kazi kwenye nyuzi 70. Na kwa anayejenga sasa hivi, weka kikata umeme cha kujitegemea kwa kila chipu ya kununua sokoni, kikate ndani ya milisekunde chache bila kuuliza kompyuta wala kusubiri ardhini. Ni saketi ndogo na nafuu, na ndo itakayoamua kama utaamka ukute kifaa kipo.

Swichi imejibonyeza yenyewe, na uko obiti ya juu

Kwenye obiti ya kilomita 35,786, kule kwa setelaiti za televisheni, vituko vingi havitokani na chembe moja kupiga chipu. Elektroni zinajikusanya. Zile zenye nguvu ndogo zinakaa juu ya ngozi ya setelaiti, zenye nguvu kubwa zinapenya mpaka kwenye plastiki za nyaya na bodi za saketi na kujizika humo, siku baada ya siku, mpaka insuleta inashindwa kuvumilia na cheche inaruka. Cheche ikiruka karibu na waya wa amri, saketi inaiona kama amri halali: vali inafunguka, kifaa kinahamia cha akiba, gurudumu la kusimamisha setelaiti linapoteza mwelekeo, na ukitafuta nani ametuma hiyo amri hakuna.

Zitofautishe kwa saa. Chaji ya juu ya ngozi inapenda kati ya saa sita usiku na alfajiri, kwa saa za pale setelaiti ilipo siyo za UTC, kwa sababu elektroni za dhoruba zinaingia kutoka upande wa usiku na kuzunguka kuelekea asubuhi. Setelaiti ya mawasiliano ya Galaxy 15 iliacha kusikiliza amri Aprili 5, 2010 ikiwa imepita kidogo saa sita usiku ya kwake, wakati wa dhoruba ya sumaku, na cheche ikawa kati ya watuhumiwa wakuu, ikaendelea kurusha matangazo huku inaelea kuzipita setelaiti za wenzake mpaka Desemba betri ilipoisha na kompyuta ikajiriseti. Chaji ya ndani yenyewe haijali saa, inajali siku. Anik E1 na E2 za Kanada zilipoteza udhibiti siku moja, Januari 20, 1994, baada ya siku kadhaa za elektroni nyingi mfululizo. E1 ilirudi baada ya saa chache, E2 ilichukua miezi kurudi kazini. Kwa hiyo usiangalie elektroni za saa ileile ya tukio peke yake, jumlisha za siku tatu mpaka tano zilizotangulia, hasa zile za zaidi ya MeV 2.

Hitilafu ikishatokea huwezi kuethi kipande cha chuma kilichosahaulika. Unachoweza ni kurudisha swichi mahali pake, kuandaa amri za haraka kwa siku ambazo elektroni zimepanda, na kuahirisha kazi nyeti. Kwa anayejenga: kila kipande cha chuma kiunganishwe na ethi, kila waya usiotumika uwe na mahali pa kumwaga chaji, na saketi za amri ziwe na kichujio kinachopuuza mapigo mafupi. Waya mmoja uliobaki unaning'inia bila kuunganishwa unatosha kabisa kuleta balaa.

Kamera ya nyota imepotea

Hii ni fupi. Kamera ya nyota ndo inayotazama nyota ili setelaiti ijue imeelekea wapi. Protoni zinapiga sensa na kila pigo linaonekana kama nyota, kamera inashindwa kutambua anga. Kama picha zina mvua ya nukta nyeupe na dhoruba ya protoni inaendelea, kama zile picha za SOHO, chombo kinachotazama jua, za Julai 14, 2000 zilizojaa chenga, usiguse kitu, hamia kwenye jairo (kifaa kinachohisi setelaiti inavyogeuka) na subiri. Zikikaa nukta zilezile mahali palepale hata baada ya dhoruba, hiyo ni habari nyingine, soma inayofuata.

Kila kitu kinashuka pole pole

Hakuna tukio la siku moja. Umeme unaovutwa unapanda kidogo kila mwezi, volti ya rejea inateleza, paneli za sola zinatoa pungufu, kamera ina nukta za moto ambazo hazihami. Hii ni dozi. Chaji inanasa kwenye tabaka za oksaidi za transista, na protoni zinahamisha atomu za silikoni kutoka kwenye nafasi zake. Telstar 1 ndo somo la mwanzo, ilirushwa Julai 10, 1962, siku moja baada ya Marekani kulipua bomu la nyuklia la Starfish Prime la megatani 1.4 kwenye urefu wa kilomita 400 hivi, bomu likajaza elektroni kwenye kanda za mionzi, na setelaiti ikanyamaza Novemba. Wahandisi wakaifufua kwa muda mwanzoni mwa 1963 kabla haijafa moja kwa moja Februari.

Kwa paneli, usitangulie kulia. Dunia iko karibu zaidi na jua mwanzoni mwa Januari na mbali zaidi Julai, tofauti ya mwanga ni karibu asilimia 7, kwa hiyo linganisha Januari na Januari. Ukishaondoa hilo, na pembe ya jua, na joto la paneli, kinachobaki ndo mionzi, na kama kimeshuka ngazi moja ghafla wiki ya dhoruba kubwa hapo una uhakika.

Kuhusu kuongeza kuta za chuma ili kuzuia mionzi, naulizwa sana. Milimita chache za alumini zinazuia elektroni nyingi, na zinapunguza dozi kweli, ila protoni ya MeV 100 inahitaji karibu milimita 37 ndo isimame, na mionzi ya kosmiki ndo usiseme. Chombo cha Juno kiliwekewa sanduku la titani lenye kuta za sentimita moja hivi kwa sababu kinazunguka Jupita, na hata hivyo kamera yake, JunoCam, iko nje ya sanduku hilo. Mara nyingine mahali kifaa kinapotazama kuna maana kuliko chuma: Chandra, darubini ya eksirei iliyoko angani, mwaka 1999 sensa zake ziliharibika mapema kwa sababu protoni dhaifu zilikuwa zinaingia mbele kupitia vioo vya darubini yenyewe, dawa ikawa kuiondoa kamera kwenye njia ya vioo kila chombo kinapopita kwenye kanda za mionzi. Haikugharimu gramu moja.

Na dozi mara nyingine inatibika kwa joto. Ukipasha silikoni, baadhi ya yale majeraha yanajifunga, Hubble inapasha sensa za kamera zake takriban kila mwezi kwa ajili ya hiyo. JunoCam ilipofika mzunguko wa 56 picha karibu zote zilikuwa zimeharibika, wakashuku saketi ya umeme imepigwa na mionzi, wakaipasha kupita kawaida yake mwezi Desemba 2023 na picha zikarudi siku chache tu kabla chombo hakijapita kilomita 1,500 hivi kutoka Io, mwezi wa Jupita, Desemba 30. Ukitaka kujaribu kwako, piga kwanza picha ya giza, kamera imefungwa, uitunze. Panda nyuzi chache chache ukiangalia umeme unaovutwa, usivuke kiwango cha juu cha joto cha mtengenezaji, kaa hapo saa kadhaa, rudi kwenye joto la kazi, piga picha ya giza nyingine kwa muda uleule wa shata, uhesabu nukta zilizobaki. Zikipungua rudia. Zisipopungua baada ya mara mbili tatu, andika orodha ya hizo pikseli kwenye programu izifunike, na uendelee na kazi.